Mtoto Amezaliwa: Tunampeleka kwa Ibada Ipi?

Hotuba kwa wajawazito, wazazi wapya na wasimamizi wa ubatizo, Masasi. Tumeiandika yote kwa ajili ya waliobaki kwenye korosho wasiweze kufika.

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Na ninyi akina baba wa Kiislamu mliowasindikiza wake zenu, asalaam aleikum, mmetuheshimu sana kwa kuja. Akina mama wenye vichanga, nyonyesheni bila haya, na mtoto akilia asitoke mtu nje. Kikao hiki ni chao.

Niwaulize jambo. Mtoto akizaliwa huku kwetu, watu wanauliza nini kwanza? Wanauliza sherehe lini. Mchele kilo ngapi, sare kitambaa gani, spika tunakodi kwa nani. Swali la ibada linakuja mwishoni kabisa, mama mkwe akisema lake na baba mtoto lake, halafu katekista anagongewa mlango Ijumaa jioni kwa ubatizo wa Jumapili. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kwa hiyo leo tunaanza na ibada. Pilau tutaifikia.

Ndugu zangu, kuna ibada tatu, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni shukrani: mama amejifungua salama, familia inakwenda mbele ya altare na sadaka, inamshukuru Mungu. Ya pili ni kuwekwa wakfu, ambayo wengine wanaiita kubariki mtoto: mchungaji anampokea mikononi, anamwekea mikono, anamwombea, na wazazi wanaahidi mbele ya washirika kwamba watamlea katika Bwana. Hivi ndivyo wanavyofanya Wapentekoste na Wasabato, kwa sababu kwao ubatizo ni wa kuzamishwa, tena wa mtu aliyekwisha kuamini kwa kinywa chake. Ya tatu ni ubatizo wenyewe, wa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, ambao Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoraviani wanampa hata mtoto mchanga.

Wakfu una mizizi mirefu. Hana, mama yake Samweli, aliomba mtoto kwa machozi, akampata, akampeleka Shilo akamtoa kwa Bwana. Yusufu na Mariamu walimpeleka Yesu hekaluni, na sadaka yao ilikuwa jozi ya hua au makinda mawili ya njiwa. Mnajua maana ya hao ndege? Fungueni Walawi sura ya 12. Mwenye uwezo alitoa mwanakondoo. Asiyekuwa na uwezo alitoa ndege wawili. Mariamu alitoa sadaka ya maskini. Mama unayeahirisha kwa sababu hujapata pesa ya sherehe, hiyo sura iko kwenye Biblia yako, isome leo usiku.

Sasa kuchanganya kunaleta nini? Chukueni mfano wa binti aliyewekwa wakfu akiwa na miezi mitatu, akapewa cheti kizuri chenye muhuri. Miaka 23 baadaye anachumbiwa na kijana Mkatoliki. Paroko anaomba cheti cha ubatizo, binti analeta kile. Paroko anasoma, anakirudisha: hiki ni cha wakfu. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki binti huyo hajabatizwa. Ama aanze mafundisho ya ukatekumeni, yaani ya kujiandaa kubatizwa, ama iombwe ruhusa ya ndoa kwa askofu. Hakuna aliyemdanganya. Ni kwamba nyumbani kwao waliita wakfu "ubatizo" miaka yote, na hakuna aliyesahihisha.

Upande mwingine, ubatizo haurudiwi. Mtoto aliyebatizwa kwa Waanglikana hapa Masasi kwa maji na kwa Utatu Mtakatifu, akihamia Ukatoliki atapokelewa, lakini hatabatizwa tena. Akienda kwa Wapentekoste, ajue wengi watamwomba azamishwe. Semeni haya mapema kati yenu wawili, kwa sababu ukichagua ibada umechagua pia atakachoulizwa mtoto akiwa mtu mzima.

Na maneno yasiguswe. Mwaka 2020 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo uliofanywa kwa kusema "sisi tunakubatiza" si halali, waliobatizwa hivyo wabatizwe. Neno moja tu, "sisi" mahali pa "mimi". Mtu anaweza kudhani ni ukali. Lakini Kanisa linafundisha kwamba anayebatiza ni Kristo mwenyewe kwa mkono wa mhudumu, na ukisema "sisi" umeweka jumuiya mahali pake.

Lini? Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka wazazi wambatize mtoto ndani ya majuma ya kwanza, na wakamwone paroko hata kabla hajazaliwa. Hata kabla hajazaliwa! Wangapi hapa wamefanya hivyo? Huku Pwani tuna arobaini, mama na mtoto hawatoki mpaka siku hizo ziishe, na arobaini haina ugomvi na Kanisa. Kitabu cha Walawi nacho kilihesabu siku 40 kwa mtoto wa kiume, na ndiyo maana sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni huangukia Februari 2, siku ya 40 ukihesabu Krismasi kuwa ya kwanza. Mtoto akiwa na afya, kutoka arobaini na kwenda kubatizwa vinapatana vizuri kabisa. Kisichopatana ni kusubiri pesa ya korosho ya msimu ujao, halafu wa baada yake, mpaka mtoto anakwenda kwenye kisima cha ubatizo kwa miguu yake. Tena mkumbuke parokia nyingi zina siku zake maalumu za ubatizo, na nyingine hupisha Kwaresima. Ulizeni ratiba kwanza ndipo mpige simu Dar es Salaam kuwaita ndugu.

Sasa wasimamizi. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaja kutulia hapa Masasi. Fikirieni watu wale. Walinyang'anywa ukoo. Hakuna shangazi, hakuna mjomba, hakuna bibi wa kumwogesha mtoto. Mtu wa namna hiyo akipata mtoto, anayesimama naye kanisani ndiye ndugu yake. Usimamizi ni undugu. Ni undugu wa kuingia mlangoni bila hodi na kuuliza, mbona huyu hajaanza mafundisho ya komunyo?

Sisi tunafanyaje? Tunamtafuta mwenye gari. Tunamtafuta aliyeko mjini atakayeleta zawadi kubwa. Anakuja siku moja, anapiga picha, anaondoka, na mtoto anafika kipaimara hamjui kwa sura.

Kwa Wakatoliki masharti ni haya. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata komunyo na kipaimara, anaishi maisha yanayolingana na imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Anatosha mmoja, wa kiume au wa kike. Wakiwa wawili, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke. Rafiki yako Mlutheri anaweza kusimama kama shahidi, pamoja na msimamizi Mkatoliki. Kitabu cha sala cha Kianglikana cha mwaka 1662 kinataka watatu: mtoto wa kiume apate baba wawili wa ubatizo na mama mmoja, wa kike apate mama wawili na baba mmoja. Walutheri wanawaita wazazi wa ubatizo, na mzee wa kanisa wa mtaa wenu atawaambia taratibu za usharika.

Kinachokwamisha ni nini? Ni Jumamosi ya semina ya ubatizo, msimamizi anaulizwa kipaimara alipata wapi, anatazama chini. Au ana mke bila ndoa ya kanisa, na kila mtu alijua isipokuwa katekista. Muulizeni mwezi mmoja kabla, kwa upole, faraghani. Na akitoka parokia nyingine, aje na barua ya paroko wake.

Wamakonde, Wamakua na Wayao, ninyi mna kitu ambacho wengine hawana: mjomba. Kwa mila ya ukoo wa mama, mjomba anabeba neno la mtoto toka jando mpaka ndoa. Mjomba akiwa na sifa nilizotaja, kwa nini mnamruka mkamtafuta mgeni? Huyo tayari ana sababu ya kuja nyumbani.

Sasa tuje kwenye jina na kitabu. Akina mama, sikilizeni sana hapa.

Elisabeti alipojifungua, siku ya nane majirani na jamaa walikuja, wakataka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akasema hapana, ataitwa Yohana. Wakamwambia, mbona hakuna mtu katika jamaa yenu mwenye jina hilo! Wakamgeukia baba kwa ishara, naye akaomba kibao akaandika: jina lake ni Yohana. Mnaona? Ugomvi wa jina ni wa zamani kuliko Masasi. Na uliisha namna gani? Uliisha kwa maandishi.

Kwa Wakatoliki, ibada ya ubatizo huanzia mlangoni kwa kuwauliza wazazi: mtoto mmempa jina gani? Mkisitasita hapo, mmechelewa. Na jina si lazima litoke Ulaya. Sheria inataka tu lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Jina la babu wa Newala linaingia, ulizeni paroko.

Lakini liwe moja. Moja kwenye kadi ya kliniki, lilelile kwenye cheti cha kuzaliwa, lilelile kwenye kitabu cha ubatizo. Nesi ameandika Stela. Katekista amesikia Estela. Ofisi ya kata imeandika Stella, el mbili. Leo hayo ni matatu ya kuchekesha. Siku ya kuandikishwa shule, siku ya kitambulisho cha taifa, siku ya ndoa, ni watu watatu tofauti. Cheti cha ubatizo hukubaliwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, kama kielelezo kwa aliyechelewa kusajili kizazi, lakini kitasaidia nini kama jina halifanani? Fanyeni hivi: andikeni jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa kama vilivyo kwenye kadi. Mkabidhini katekista hiyo karatasi. Akimaliza kujaza kitabu, mwombeni awasomee kwa sauti. Dakika mbili tu.

Cheti ulichonacho ni nakala. Asili ni kitabu cha parokia ulikobatizwa. Pembeni mwa jina lako kwenye kitabu hicho huandikwa kipaimara, ndoa, hata utawa au upadri. Ndiyo maana siku ya ndoa huulizwa cheti kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi sita, ili waone pembeni kumeandikwa nini. Na kosa la jina linasahihishwa huko huko kwenye kitabu. Aliyebatizwa Nyangao akahamia Mtwara mjini anarudi Nyangao. Basi andikeni mahali, nyuma ya picha au ndani ya Biblia, parokia, tarehe na namba.

Na dada yangu uliyezaa bila ndoa. Umeambiwa mtoto wako habatizwi? Siyo kweli. Sheria inadai mambo mawili: akubali japo mzazi mmoja, na liwepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Padri atauliza nani atamlea, na ana haki ya kuuliza. Jina lako litaandikwa kama inajulikana wazi kwamba wewe ndiye mama, au ukiomba mwenyewe kwa hiari, kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. La baba linaandikwa kukiwa na hati ya serikali inayothibitisha, au baba mwenyewe akikiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Asipokuja, halibandikwi kwa nguvu, na mtoto anabatizwa vilevile. Wala ufukara haumzuii mtu. Sheria hiyohiyo inakataza maskini kunyimwa sakramenti kwa kukosa sadaka. Barua ya mwenyekiti wa jumuiya ni jambo jingine, hiyo itafute.

Nyumba yenye dini mbili. Nimeona sura zimebadilika.

Mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, ukoo mmoja una Saidi na Petro na wanakula sinia moja. Ni neema kubwa, tusiichezee. Basi mfikirieni mama Mkatoliki wa Mikindani, mume Mwislamu. Siku ya saba upande wa mume wanataka akika, kumchinjia mtoto mnyama. Mama anakaa kimya. Baada ya miezi miwili anambeba mtoto kimyakimya, anambatiza, cheti anakificha chini ya godoro. Mnadhani hakitaonekana? Kitaonekana. Siku kikionekana, mume hatauliza habari za ubatizo. Atauliza, umenificha nini kingine?

Msifiche. Kama ndoa ilifungwa kanisani kwa ruhusa ya askofu, upande wa Mkatoliki uliahidi kufanya yote awezayo watoto wabatizwe, na mwenzake aliarifiwa ahadi hiyo. Rudini kwenye mazungumzo yale, ikibidi paroko akiwepo na mzee mmoja wa upande wa baba. Hakuna mapatano? Basi ibada ya shukrani inawezekana leo: mama anakwenda na mtoto, anabarikiwa, anashukuru, hakuna kinachofungwa. Mazungumzo ya ubatizo yaendelee mchana kweupe. Shukrani haichukui nafasi ya ubatizo, msidanganyane. Lakini inazuia siri, na siri ndiyo inayovunja nyumba.

Na siku ya chakula, kuku na mbuzi wachinjwe na jirani Mwislamu, wote wale kwa amani. Mchele kilo 6 hutosha watu 40. Pombe isisogee kwenye sinia. Nimemaliza pilau.

Siku yenyewe, kwa Wakatoliki. Mnyonyesheni mtoto nusu saa kabla. Mvike nguo inayofunguka mbele, kwa sababu mafuta ya wakatekumeni hupakwa kifuani, na gauni la vifungo mgongoni linamfanya padri ahangaike huku mtoto akipiga kelele. Kofia ivuliwe. Msimamizi au mama anamlaza juu ya kisima, kichwa kimeinama kidogo nyuma, mkono mmoja chini ya shingo. Maji yanamiminwa mara tatu, na lazima yatiririke kwenye ngozi. Kulowesha nywele hakutoshi. Newala Juni na Julai kuna baridi, ombeni maji yapashwe moto kidogo, inaruhusiwa. Kisha krisma, mafuta matakatifu, utosini. Kisha kitambaa cheupe, na hiki kije kimekunjwa pembeni, maana anavikwa baada ya maji. Mshumaa wake huwashwa kutoka mshumaa wa Pasaka. Shikeni upande usio na upepo, na mbali na hiyo nailoni ya gauni.

Kamba na hirizi kiunoni? Mtaulizwa kama mnamkataa Shetani na mambo yake yote, mtajibu twamkataa. Zungumzeni na bibi wiki moja kabla, kwa heshima, asije kuumbuliwa mbele ya watu.

La mwisho. Mtoto akiwa hatarini, wodini au nyumbani, usikimbilie gari la kumfuata padri. Mtu yeyote anaweza kumbatiza: nesi, bibi, baba, hata asiye Mkristo, mradi anakusudia kufanya lile Kanisa linalofanya. Maji safi, mimina kichwani yatiririke, ukisema: "Yohana, mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Awepo shahidi ikiwezekana. Akipona, nendeni parokiani akaandikwe na kukamilishiwa yaliyobaki, mafuta, kitambaa, mshumaa. Maji hayarudiwi.

Na akina mama ambao mtoto alitangulia kabla ya maji. Mpo hapa, tunajua mpo. Marehemu habatizwi, lakini mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza, askofu anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa, na Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu. Kama hamkuambiwa wakati ule, tunawaambia sasa, na mwenye kutaka aombewe mtoto wake kwa jina atuone hapa mbele.

Tuingie kwenye maswali. Wenye vichanga waanze, wapate kuwahi gari.